Tulitazame ziwa kabla ya kuligombania
Somo kwa vikundi vya amani: matembezi kwenye maji ya Ziwa Edward

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya vikundi vya amani vilivyo karibu na Ziwa Edward: wavuvi, akina mama wauza samaki, wakulima wanaopakana na pariki, na vijana. Vikundi vya Uvira, Kalemie au Bukama vinaweza kulitumia pia, kwa kubadili majina ya maji na ya wanyama. Linahitaji siku mbili, moja ya matembezi na moja ya mazungumzo.

Kwa kawaida, watu wakigombania ziwa tunawaita ndani ya chumba. Tunapanga viti, kila upande unatoa malalamiko yake, mwandishi anaandika, na jioni watu wanarudi nyumbani. Siku nzima hakuna aliyeliona ziwa lenyewe. Hapa tunageuza utaratibu: kwanza macho, halafu maneno. Mvuvi na mlinzi wa pariki wakae katika chombo kimoja, watazame ndege na wanyama kwa saa mbili bila kubishana juu ya kitu chochote. Wengine watasema huo ni mchezo wa watalii. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyeonyeshwa mahali samaki wanapozalia atapata shida kusema kwamba kukataza nyavu pale ni uonevu mtupu. Na mlinzi aliyekaa ufukweni na mama anayengoja tangu saa kumi ya usiku, akapata samaki wanne tu, atapata shida kumwita kila mvuvi jangili.

Ziwa moja, nchi mbili

Ziwa Edward lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,300 hivi. Karibu asilimia 70 ya maji yake iko Kongo, na iliyobaki iko Uganda. Upande wa Kongo, ziwa lote limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo wengi wetu tunaiita pariki tu. Ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kwa jina la mfalme wao Albert. Mwaka 1979 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1994, kwa sababu ya vita, ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tangu mwaka 1996 inahesabiwa pia kati ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, kwa mapatano yanayoitwa ya Ramsar. Ng'ambo, Uganda ilianzisha mwaka 1952 hifadhi inayoitwa leo Queen Elizabeth.

Maji hayajui majina hayo. Mito ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha inaingia ziwani kutoka kusini. Mlango wa maji wa Kazinga unaliunganisha na Ziwa George lililo Uganda. Kisha mto Semliki unayatoa maji yote kaskazini, unayapeleka Ziwa Albert, na kutoka pale yanaingia katika Nile. Mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Rutshuru inaweza kufika Misri.

Mwongozi wa kikundi asiruke jambo moja katika historia hii, hata kama linawaumiza wengine: pariki ilichorwa bila kuwauliza wenyeji. Kuna familia zilizopoteza mashamba, malisho na njia za kwenda ziwani, na wajukuu wao bado wanasimulia. Baadaye kambi tatu za uvuvi zilipewa ruhusa upande wa Kongo, ndizo Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Vita vya miaka ya 1990 na iliyofuata vilileta wakimbizi, askari na makundi yenye silaha. Kambi nyingine zikaota bila ruhusa, na mitumbwi ikazidi. Mvuvi mmoja akawa analipa mara mbili au tatu, kwa serikali na kwa yeyote mwenye bunduki ufukweni.

Halafu kuna mpaka. Ndani ya maji hakuna jiwe wala mti unaouonyesha. Samaki wakihama, mvuvi anawafuata, na wavuvi wengi wa Kongo wamekamatwa na askari wa Uganda kwa namna hiyo, wakapoteza nyavu na injini. Mwezi wa 7 mwaka 2018 askari wa majini wa nchi hizo mbili walipigana risasi juu ya ziwa na watu wakafa. Mwaka huohuo, mwezi wa 10, serikali mbili zilitia sahihi mapatano juu ya uvuvi wa Ziwa Edward na Ziwa Albert. Tunayataja mambo haya mawili pamoja kwa sababu wavuvi wengi wanalijua la kwanza, na wachache wamesikia juu ya la pili.

Mahali pa kwenda

Zamani tungesema nendeni Vitshumbi. Lakini mwezi wa 3 mwaka 2024 Vitshumbi iliingia mikononi mwa M23, na hatumshauri mtu yeyote aende mahali penye mapigano kwa ajili ya kutazama ndege. Tukumbuke pia kwamba zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa kazini katika historia ya pariki hiyo.

Kwa vikundi vya Beni, Butembo na Kasindi kuna njia ya kuvuka mpaka kati ya Kasindi na Mpondwe, kisha kufika Mweya, kwenye Queen Elizabeth, ambapo boti za wageni hupita katika mlango wa Kazinga kwa muda wa saa mbili hivi. Huko nako si peponi. Mwezi wa 10 mwaka 2023 watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa ndani ya hifadhi ile. Kwa hiyo ulizeni hali ya usalama kwa zaidi ya mtu mmoja, tayarisheni hati za kuvuka mpaka za kila mshiriki, na waandikieni mapema wakuu wa hifadhi mkieleza kwamba ninyi ni kikundi cha mafunzo.

Kama safari haiwezekani, msiache somo. Kinamasi chochote chenye matete kinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Viboko labda hamtawaona, lakini yangeyange na samaki wachanga wapo karibu kila mahali.

Kiboko na chungu cha samaki

Wa kwanza kuonekana ni viboko. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yao hukauka na kupasuka juani. Giza likiingia hupanda nchi kavu kula majani, na kabla ya mapambazuko hurudi ziwani. Kiboko mkubwa anaweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Mabaki yake mengi anayaacha majini, na hapo ndipo habari inapomhusu mama muuza samaki. Kinyesi kile ni mbolea. Kinalisha mwani na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na tilapia, ambaye wengine humwita ngege, anakula mwani. Kwa lugha ya jikoni, kiboko anakata majani porini na kuyatia ndani ya chungu cha ziwa.

Sasa fanyeni hesabu pamoja, ubaoni au mchangani. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walihesabiwa kuwa karibu 29,000. Zidisha kwa kilo 40: ni zaidi ya tani 1,100 za majani kila usiku. Kufika mwaka 2006, baada ya miaka ya vita, walikuwa wamebaki mamia tu. Askari na makundi yenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama, na kwa ajili ya meno, ambayo huuzwa kama pembe za ndovu. Baadaye walianza kuongezeka, na mwaka 2025 hesabu ilikuwa kama 1,200. Zidisha tena: tani 48. Si majani yote yanayoishia majini, kwa maana kiboko huacha kinyesi njiani pia, lakini kila mtu aliye mbele ya ubao ataiona tofauti.

Mwongozi awe mwangalifu hapa. Wavuvi wakisikia hesabu hii wengine watasema, "Basi, samaki walipungua kwa sababu ya askari waliowaua viboko, si kwa sababu yetu." Hiyo ni nusu ya ukweli. Nyavu zenye matundu madogo, makokoro yanayovutwa ufukweni, na chandarua za mbu zinazotumiwa kama nyavu huwachukua samaki kabla hawajazaa hata mara moja. Mitumbwi nayo ni mingi kuliko ziwa linavyoweza kulisha. Kiboko si sababu peke yake. Lakini ni sababu isiyosemwa, na katika kikao cha upatanisho neno lisilosemwa ndilo linalokaa moyoni.

Kuna jambo la hatari pia. Mwezi wa 4 mwaka 2025, viboko wasiopungua 50 walikutwa wamekufa katika mto Ishasha na ukingoni mwa ziwa, wengine wakielea. Vipimo vilionyesha kimeta. Ugonjwa huo huo uliwaua viboko wengi upande wa Uganda mwaka 2004. Vijidudu vyake vinaweza kulala ndani ya udongo miaka mingi, na vinamshambulia ng'ombe, nyati, hata mtu. Nyama ya kiboko aliyekutwa amekufa isiguswe wala isiliwe, hata njaa ikiwa kali. Mzoga uelezwe kwa walinzi au kwa mganga mkuu wa eneo. Na kikundi kijiulize: mzoga ukielea kutoka mto ulio mpakani, nani anamjulisha nani? Kati ya mvuvi wa Nyakakoma na mvuvi wa Rwenshama, kuna aliye na namba ya simu ya mwenzake?

Ndege: wapewe muda wao

Safari nyingi huwapita ndege haraka ili kukimbilia tembo. Tunaomba msifanye hivyo. Virunga ina aina zaidi ya 700 za ndege, na Queen Elizabeth zaidi ya 600, na ndege ndio wanaomfundisha mgeni kusoma maji.

Mtazameni mdiria mweusi na mweupe. Anasimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kisha anaanguka kama jiwe na kutoka na kadagaa mdomoni. Kiota chake ni shimo katika ukingo wa udongo, na ukingo ukikanyagwa hovyo au kukatwa, shimo linaanguka pamoja na makinda. Mnandi anazama, anafukuza samaki chini ya maji, halafu anakaa juu ya kijiti akiwa amefungua mabawa kama shati lililoanikwa. Furukombe, tai mwenye kichwa cheupe, anaita kutoka mti mrefu na mwenzake anajibu, na mbele yao mna samaki wakubwa. Kuna mmoja ambaye mdomo wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Huruka chini kabisa, mdomo ukipasua maji kama kisu, na akigusa samaki anaufunga. Huyo hupumzika na wenzake kwenye fungu la mchanga, na mtumbwi ukipita karibu sana wote wanaondoka.

Mwari weupe ndio ambao wavuvi watawazungumzia jioni. Wanaogelea kwa mstari uliopinda kama nusu duara, wanawasukuma samaki kuelekea maji mafupi, halafu wote wanazamisha midomo karibu kwa wakati mmoja. Mvuvi anaelewa mara moja, bila kuelezwa: ni kokoro.

Mwaka ukifika mwisho mnaweza kuona pia mbayuwayu waliotoka Ulaya. Wanalala katika matete yetu, na mwezi wa 3 au wa 4 wanarudi kwao. Kukata na kuchoma matete yote ya ufukwe ni kubomoa nyumba ya wageni hao, na pia kitalu cha samaki wachanga, maana wote wanatumia mahali pamoja.

Na marabu, yule korongo mwenye kipara na mfuko shingoni? Waliowahi kufika Vitshumbi wanamjua. Hutembea kati ya watu kama mzee wa kijiji anayekagua soko, akiokota matumbo ya samaki. Si mzuri wa sura, lakini anafagia bure.

Kuna waongozi wanaopenda kusema, "Tazameni jinsi ndege wanavyogawana ziwa kwa amani, nasi tufanye vivyo hivyo." Tunawaomba wasiseme. Ndege hawana mapatano, wana midomo tofauti. Mdiria hawezi kumeza samaki wa mwari, wala mwari hana haja na kadagaa wa mdiria. Wavuvi wa Kongo na wa Uganda wana mdomo mmoja, yaani wavu, na wanamtaka samaki yuleyule. Ndiyo sababu wao wanahitaji kuketi na kukubaliana.

Mwenendo wakati wa kutazama

Gaweni watu wawili wawili, na kila wawili watoke pande zinazogombana: mvuvi na mlinzi, mkulima na mfugaji, Mkongo na Mganda kama wapo. Kila wawili wapewe darubini moja na daftari moja. Msinunue ya pili hata kama fedha ipo. Mtu anayengoja zamu ya darubini hana budi kumuuliza mwenzake, "Unaona nini?" Kwa watu ambao hawajasemezana kwa mwaka mzima, hilo ni swali jepesi la kuanzia.

Nguo ziwe za rangi ya majani au ya udongo, na sauti iwe ya chini. Kiboko akifungua kinywa, hapigi mwayo, anaonya, basi rudini nyuma. Msisimame hata siku moja kati ya kiboko na maji, na mkiwa na mtumbwi mdogo msimkaribie mama mwenye mtoto. Mamba haonekani kabla ya kufika, kwa hiyo hakuna kunawa mikono ukingoni. Msiwatupie wanyama chakula. Mkikuta mayai mchangani, piteni mbali, kwa maana makundi ya ndege hutoroka viota vinavyosumbuliwa, na jua linapika mayai kwa muda mfupi.

Wenye silaha wasiwe ndani ya chombo kimoja na kikundi, isipokuwa sheria ya mahali inadai hivyo. Ikiwa inadai, waelezeni washiriki mapema na waulizeni kama wanakubali. Tunalisema kwa uzito, kwa sababu akina mama wengi wa ziwa hili wamepoteza samaki, au zaidi ya samaki, mbele ya mtu mwenye bunduki.

Siku ya pili: mazungumzo

Anzeni na daftari. Kila wawili wasome walichoandika, bila maelezo. Kisha mwongozi aulize: ni mnyama gani ungesikitika kama mtoto wako hatamwona? Swali hili linaonekana dogo, lakini mara nyingi wazee ndio wanaojibu kwa urefu, maana wanakumbuka pwani zilizojaa viboko. Waacheni wazungumze. Kijana aliyezaliwa wakati wa vita anaweza kufikiri kwamba ziwa lilikuwa hivi siku zote.

Halafu semeni juu ya haki, kwa uwazi. Wanaoishi ufukweni wanapata nini kutokana na pariki, na wanapoteza nini? Nani analipwa kiboko akila shamba au akiua mtu? Mlinzi anayepata mshahara mdogo na kuacha familia mbali, anapata nini? Mwongozi asijaribu kuyafunga maswali haya kwa maneno matamu. Kama jibu ni "hatupati kitu," liandikwe hivyohivyo.

Wakumbusheni washiriki habari ya tembo. Wakati wa vita wengi walivuka kwenda Uganda. Mwaka 2020 kundi la tembo kama 580 lilirudi Virunga kutoka Queen Elizabeth, wakati sehemu ile ya pariki ilipopata utulivu kidogo. Ulizeni: wao waliona nini ambacho sisi hatukukiona? Na wakirudi kwa wingi vile, shamba la nani litakuwa la kwanza kuliwa?

Kazi ya mwisho ni ramani. Tandikeni karatasi kubwa, au nguo ya zamani, na mchore ziwa bila mpaka: mito inayoingia, Semliki inayotoka, kambi za uvuvi za pande zote, matete, mafungu ya mchanga, mahali viboko wanapolala, na mahali samaki wanapozalia. Hapo wavuvi ndio walimu, na mlinzi achukue kalamu na kuandika wanayomwambia. Mkimaliza, chukueni rangi nyingine na mchore mpaka wa nchi mbili, kisha mpaka wa pariki. Hesabuni ni mazalio mangapi yamekatwa na mstari. Kwa kila moja, wachagueni watu wawili, mmoja kwa kila upande, watakaojulishana pale samaki wachanga wanapoonekana, pale mzoga unapoelea, au pale mvuvi anaposhikwa. Andikeni majina yao pembeni mwa ramani, na ramani ikae kwa akina mama wauza samaki, kwa sababu wao wako ufukweni kila asubuhi.